Mtani Chini ya Waya

"Mama mdogo, mbona Wangoni wakikutania hucheki?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, kwenye msiba wa babu, mtaani kwetu Kitwe. Wangoni, watani wetu sisi Wabemba, walikuwa wameshafika, na kama desturi ilivyo, walikuwa wamelala chali barabarani kuzuia jeneza lisitoke, wakidai marehemu ameenda na deni lao la panya watatu. Watu wazima waliokuwa wakilia tangu asubuhi walikuwa wanajifuta machozi ya kucheka. Mmoja wao alimwendea mama mdogo, akamwambia amenenepa kwa nyama ya nyani wa watu. Mama mdogo alimtazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye mboga, akageuka. Nami, kwa kuwa nilikuwa na kiherehere cha kuuliza kila kitu, nikamfuata hadi nyuma ya nyumba nikamuuliza. Aliniambia nikaoshe masufuria.

Jina lake ni Astridah Kapembwa, ila mtaani wote wanamwita Mama Mubanga. Kazi yake ni kuendesha gari la kikapu, lile lori lenye mkono mrefu wa chuma unaokunjuka, na mwishoni mwa mkono kuna kikapu cha kusimama mtu. Kwa hilo gari watu hukata matawi yanayokaribia nyaya za umeme, hubadilisha taa za barabarani, hutundika mabango. Miaka michache kabla ya msiba ule, katika kampuni nzima ya kukata miti aliyokuwa akifanyia kazi, mwanamke mwenye leseni ya kikapu alikuwa yeye peke yake, na aliisomea miezi minane huku akiuza viwavi wa kukaanga sokoni ili alipie ada.

Kazi yenyewe aliipenda. Kilichomtia kinyaa ni vilivyoizunguka. Mkanda wa usalama ulikuwa mmoja kwa watu watatu, na ulinuka makwapa ya wote watatu. Kofia yake ya plastiki aliikuta siku moja imetumiwa kutilia mchuzi. Na kila Jumatatu alfajiri msimamizi wao, Bosi Kabaso, alikuwa akikaa kwenye kiti cha mbele cha lori na fomu za ukaguzi za juma zima, akizitia alama za vema moja baada ya nyingine kama mtu anayepukuchua mahindi. Umbali kutoka kwenye waya umepimwa: vema. Mwangalizi yupo mahali pake: vema. Filimbi ipo: vema. Jumatatu hiyo hiyo alikuwa amekwisha kukagua Ijumaa.

Filimbi yenyewe ilipotea tangu Machi. Astridah alipomkumbusha, Bosi Kabaso alicheka mpaka tumbo likaruka.

"Filimbi ya nini, Mama Mubanga? Na mdomo wa Jere huo?"

Hapo inabidi nieleze Jere ni nani. Lameck Jere alikuwa Mngoni wa Chipata, mwembamba, mwenye pengo la meno ya mbele, na ndiye aliyekuwa mwangalizi. Mwangalizi ni mtu wa chini. Hagusi msumeno, hakusanyi matawi, hapokei simu. Kazi yake ni moja, kutazama nafasi iliyobaki kati ya mashine na waya, na ikikaribia kushuka chini ya mita tatu, asimamishe kila kitu. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilishangaa: kwani aliyeko juu hana macho? Kumbe aliyeko kikapuni hutazama tawi lililo mbele yake. Lakini ule mkono wa chuma una kiwiko, na kikapu kinapokwenda mbele, kiwiko hutoka nyuma, mgongoni kwake, mahali asipoweza kukiona. Macho ya kiwiko ni mwangalizi.

Basi ukichukua Mbemba ukampandisha juu, ukachukua Mngoni ukamweka chini amwangalie, na hao ni watani tangu vita vya mababu, unajua utapata nini. Walitaniana miaka mitatu mfululizo.

"Wewe mla nyani! Shuka, umeme utakukaanga, nasi hatuli nyama ya kizee!"

"Nyamaza, mla panya! Ukiona shimo hapo chini usije ukaingia ukaacha kazi!"

"Naona hofu mpaka kwenye soksi zako, Mbemba!"

"Na mimi naona mkia wa panya umening'inia kwenye pengo lako!"

Wapita njia walikuwa wakisimama kusikiliza. Bosi Kabaso alikuwa akisema kazi inakwenda vizuri zaidi watu wakicheka. Na kwa kweli Jere alipotaka kumsimamisha kwa dhati, alikuwa anapaza mkono wazi juu ya kichwa, na Astridah alikuwa akitupa jicho chini kila mara kuutafuta ule mkono. Maneno yalikuwa ya kuchekea, mkono ndio uliokuwa wa kazi. Hawakukubaliana kwa mdomo wala kwa maandishi. Ilitokea tu, kama njia ya mkato inavyotokea kwenye majani.

Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, ndio mwezi wa kukata miti, maana mvua ikija na upepo matawi huanguka juu ya nyaya na mtaa mzima unalala gizani. Joto la mwezi huo utalijua mwenyewe ukilionja. Alhamisi moja walikuwa kwenye barabara ya mijakaranda, maua ya zambarau yametapakaa lami, yamekanyagwa yakawa utelezi wenye harufu ya kitu kilichochacha. Waya uliopita nyuma ya miti ulikuwa wa volti elfu kumi na moja. Waya huo hauhitaji kuvikwa chochote kwa sababu hakuna mwenye akili anayetarajiwa kuufikia.

Karibu na saa sita Bosi Kabaso aliona njaa. Alimtuma mshika bendera, yule anayesimamisha magari, akamletee utumbo wa mbuzi wa kuchoma kule kwenye kona. Kisha akaokota bendera akampa Jere.

"Simamisha magari wewe."

"Bosi, mimi natazama waya."

"Jicho moja barabarani, moja juu. Mungu alikupa mawili kwa nini?"

"Basi Mama Mubanga ashuke kwanza mpaka mwenzangu arudi."

"Ashuke, apande, ashuke, apande. Huyu ni mtu au ndoo ya kisima? Nenda!"

Astridah aliyasikia yote akiwa juu. Kanuni aliijua kama anavyojua jina la mwanawe: bila mwangalizi, kikapu kinashuka. Lilikuwa limebaki tawi moja. Hakusema kitu. Hilo la kutosema kitu alikuja kulitafuna baadaye muda mrefu kuliko mambo mengine mengi.

Mshika bendera alirudi na utumbo kwenye gazeti, akampa bosi, kisha akatumwa tena pilipili. Jere alikuwa hatua thelathini kule barabarani, bendera mkono huu, mkono ule akilizuia lori la mkaa lililotaka kupita kwa nguvu. Astridah aliusukuma kidogo mpini wa kuongozea kikapu, kikasogea kwenye tawi. Akasikia:

"Mla nyani! Simama! Utakaangwa!"

Alitupa jicho chini. Mkono wa wazi hakuuona. Mikono ya Jere yote miwili ilikuwa na kazi. Na maneno hayo hayo alikuwa ameyasikia tangu asubuhi, mara ya ishirini au thelathini. Akacheka.

"Panya wamekushinda huko, unanitafuta mimi?" akajibu, akausukuma mpini tena.

Kiwiko kiligusa.

Ilitoka sauti kama mtu amepigwa kofi la uso, ila kofi la ukubwa wa nyumba. Nywele zake zilisimama chini ya kofia. Alipotazama chini aliona moshi mweusi ukitoka kwenye matairi, na harufu ya mpira unaoungua ikampanda kooni ikakaa hapo. Kikapu hakikutikisika. Hakuumia. Ndiyo maajabu ya jambo hili, niliyoyauliza kwa mwalimu wetu wa sayansi hadi akachoka nami: ndege hukaa kwenye waya haungui kwa kuwa hajagusa kingine. Astridah alikuwa ndege wakati huo. Ila kulikuwa na tawi nusu mita kutoka kwenye bega lake, na tawi lina mti, na mti una ardhi.

Bosi Kabaso aliruka kutoka kivulini, kipande cha utumbo bado mkononi, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko, akaanza kukimbilia lori. Pale ubavuni mwa lori kuna vipini vingine vya kukishusha kikapu mtu akiwa chini. Alikusudia kuvishika.

Jere alikuwa ametupa bendera. Alikuja mbio kwa ubavu akampiga kikumbo msimamizi wake, akamwangusha kifudifudi kwenye maua yaliyooza, akamkalia mgongoni.

"Niache, mshenzi! Nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze ukiwa hai, bosi. Ukiligusa lile gari hutamfukuza mtu tena."

Kisha akainua uso. Astridah alikuwa ameshika ukingo wa kikapu, mguu mmoja umeanza kutafuta namna ya kushuka kwenye mkono wa chuma. Na hapo Jere akasema neno ambalo katika miaka mitatu hakuwahi kumwambia.

"Mama Mubanga."

Alisema taratibu. Hakumwita mla nyani wala Mbemba wala kizee. Alimwita kwa heshima kamili, kama mkwe anavyoitwa. Na Astridah alisema ni hapo ndipo alipoogopa hasa. Kofi la umeme halikumwogopesha kama jina lake mwenyewe katika mdomo wa mtani.

"Mama Mubanga, rudisha mguu. Hapo ulipo ni salama. Usiguse tawi. Mikono kifuani, kaa katikati. Umenisikia, mama?"

"Nimekusikia, Ba Jere."

Naye hakuwahi kumwita hivyo, kwa lile "Ba" la heshima.

Jere aliwafukuza watu wote mbali, wapita njia, mwenye mkaa, mshika bendera aliyekuwa anarudi na pilipili zake. Aliwaambia wasikanyage karibu na lori hata ardhi yenyewe, maana umeme hutawanyika ardhini na mtu anayepiga hatua ndefu huupokea kwa mguu mmoja na kuutoa kwa mwingine. Baada ya dakika kama tatu, ule mngurumo mdogo uliokuwa ukitoka kwenye waya ulinyamaza. Moshi ukapungua. Bosi Kabaso, aliyekuwa amesimama akipangusa ua lililomganda shavuni, akapiga kelele:

"Umekatika! Shuka! Mama Mubanga, shuka upesi!"

"Usishuke," alisema Jere.

"Nani msimamizi hapa?"

"Waya haujakatika mpaka mtu wa umeme aje aseme umekatika. Mashine zao huurudisha umeme zenyewe. Usishuke, mama."

Mmoja alikuwa na kofia nyeupe ya msimamizi na mshahara mkubwa, mwingine alikuwa na pengo. Astridah alibaki katikati ya kikapu, mikono kifuani. Haukupita hata muda wa kuhesabu mpaka ishirini, kofi likalia tena, cheche zikaruka kutoka kwenye kiwiko cha chuma zikaanguka kwenye maua. Bosi Kabaso akakaa chini mwenyewe bila kuangushwa.

Alikaa juu dakika arobaini. Jua la mwezi wa kumi kichwani, moshi wa mpira kooni. Alitapika ndani ya kikapu, na hakukuwa na pa kusogea, akasimama ndani yake. Kisha akajikojolea. Suruali ya kazi ya kijivu huonyesha kila kitu, na watu walikuwa wamejaa upande wa pili wa barabara. Jere aliona. Alivua koti lake la kuakisi mwanga, akalishika kwa mikono miwili juu kama anayewapungia magari, akasimama mbele ya ule umati akiwapigia kelele warudi nyuma, warudi nyuma zaidi, mpaka hawakuweza kuona kitu. Kwa mtani, hadithi ya namna hiyo ni mali. Angeila miaka kumi, msibani na harusini. Hakuitaja hata siku moja, si kwake wala kwa mtu mwingine.

Mafundi wa umeme walifika, wakakata umeme, wakauunganisha waya na ardhi usirudi, wakamshusha.

Kesho yake Bosi Kabaso alimwita ofisini. Ofisi ile ni kontena lenye feni isiyozunguka. Kulikuwa na karatasi mezani, imekwisha kuandikwa, na pembeni mwake doa la mafuta lenye umbo la kidole gumba. Astridah aliisoma. Iliandikwa kwamba mwangalizi Lameck Jere, kwa mazoea yake ya kufanya mzaha kazini, aliacha mahali pake bila ruhusa na kutoa onyo kwa maneno ya utani. Hapakuwa na neno juu ya bendera, wala utumbo, wala filimbi.

"Si kweli," alisema Astridah.

"Kipi si kweli? Hakufanya mzaha?"

"Alifanya. Lakini—"

"Hakuacha mahali pake?"

"Ulimtoa wewe, bosi. Mimi nilisikia."

"Ulisikia, ukabaki juu." Alichokoa meno kwa ukucha. "Mama Mubanga, sikiliza. Makao makuu wanataka mtu mmoja. Kama si wa chini, ni wa juu. Wa juu ananyang'anywa leseni, na sijaona mwanamke aliyepewa mara ya pili. Mtoto wako anaingia sekondari mwakani, sivyo?"

Astridah aliisoma tena ile karatasi.

"Halafu mbona unalichukulia zito hivyo? Ni mtani wako. Mbemba na Mngoni hawashtakiani, hata mahakamani hakimu atacheka. Kati yenu hakuna kosa. Mpelekee kuku, mambo yameisha."

Astridah aliniambia kwamba kati ya vitu vyote alivyowahi kunusa, tairi linaloungua, matapishi yake mwenyewe juani, hakuna kilichonuka kama sentensi ile. Kwa sababu ilikuwa kweli. Kati ya watani hakuna kosa. Mababu waliipanga hivyo watu waliochinjana wapate kuishi pamoja, na huyu mtu mwenye mafuta vidoleni alikuwa amepata namna ya kuitumia kama kitambaa cha kupangusia meza.

Akatia saini, kama shahidi. Kalamu ilikuwa inateleza kwa mafuta.

Jumatatu wafanyakazi wote walikusanywa uani, na Bosi Kabaso akaisoma ile karatasi kwa sauti, mpaka jina la shahidi mwishoni. Hata waliokuwa wakinoa misumeno waliacha. Kila mtu alimtazama Jere, kisha Astridah, kisha Jere.

Jere alikuwa anamtazama Astridah. Uso wake haukuwa na kitu, kama sahani iliyooshwa. Halafu pengo likafunguka.

"Niliwaambia siku zote," alisema. "Mbemba akikosa nyani, anamla Mngoni! Tena bila chumvi!"

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko. Watu walipigana mabega. Bosi Kabaso alicheka sana, kwa ile raha ya mtu aliyeona mzigo umetua bila kumwangukia mguuni. Jere alivua kofia akamkabidhi bosi, akazunguka akiwapa watu mikono, na alipofika kwa Astridah alimshika kwa mikono yote miwili, akasema, "Nenepa basi, wasije wakasema nyama yangu haina faida." Akatoka getini.

Kuku alimpeleka. Jere alimpokea mlangoni kwake, akamshukuru, akataniana na yule kuku. Alikuwa na watoto wanne ndani, na mkewe hakutoka kusalimia. Mwezi uliofuata walihamia Chipata kwa wazee wake, kulima alizeti.

Mama mdogo hata leo anaendesha kikapu, ila kampuni nyingine. Wenzake wanasema ni mgumu. Ana filimbi yake mwenyewe, kila asubuhi anaichemsha kwa maji ya moto na kumfungia mwangalizi shingoni kwa mkono wake, na mwangalizi akigeuka kujikuna tu, kikapu kinashuka. Aliwahi kurudi kwa Bosi Kabaso kuomba ile karatasi aibadilishe. Aliambiwa makao makuu wamekwisha kuifungia kabatini, na akaulizwa kama kuku alikuwa jogoo au tetea.

Mambo haya nimeyaokota vipande vipande, mengine kwa wenzake wa zamani, mengi kwake. Mwezi uliopita, nikiwa sasa kidato cha tatu, tulikuwa tukichambua karanga barazani, na Mngoni mmoja muuza mitumba alipita akamrushia utani wa nyani. Mama mdogo akafanya ule uso. Nikamuuliza tena, swali lile la msibani, neno kwa neno. Safari hii masufuria yalikuwa safi. Alichagua karanga mbovu mbili tatu akazitupa, ndipo akasema:

"Siku ile uani nilisimama pale nikimngojea anitukane. Si utani, mwanangu, matusi ya mtu aliyeumizwa. Nilikuwa tayari, nilikuwa nayataka. Akanitania. Watu wote wakacheka, nami nikasikia kicheko changu kinatoka kinywani, kikubwa kuliko cha bosi. Kilitoka kama nzi aliyemezwa akarudi juu. Sasa mtu akinitania, namsikia nzi yule hapa kooni. Nitachekaje?"